Mate ya Fundi Yu

“Tfuu!”

Kimya.

“Tfuu!”

Hu Lamei aliganda, upawa juu, tambi zikining'inia. Hakuwa ameona kitu. Mvuke wa sufuria yake ulikuwa umemfunika uso. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na yalisikia mara mbili.

Fundi wa moto hatemi mara mbili.

Wiki jana niliishia hapo hapo, mate ya kwanza yakiwa bado hewani, na najua wapo walionilaani mpaka kwa babu yangu. Basi kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa samaki kabla hajalisoma, nitasema upesi, kisha tuendelee, maana moto haungoji mtu. Huyu Lamei anauza tambi za mchele mlangoni pa Tanuri la Feng, hapa Jingdezhen. Mumewe, Yu Shuisheng, ndiye fundi wa moto wa tanuri hilo. Huu ni mwaka wake wa ishirini na sita, na hajaharibu hata kisahani cha kulishia paka. Kazi yake ni moja tu: kusema lini moto umetosha. Hana saa, hana kipimo. Anatema mate ndani ya jicho la tanuri, lile tundu la kuchungulia moto, anayatazama yanavyokwenda kwenye ndimi za moto, kisha anasema neno. Anatema mara moja, anasema neno moja, na watu mia wanatii.

Siri aliyokuwa nayo Lamei peke yake, na wewe msomaji, ni kwamba tangu majira ya kuchipua Fundi Yu haoni. Mtoto wa jicho amemziba kulia na kushoto. Matanuri mawili yaliyopita aliyaivisha kwa kusikiliza moto unavyonguruma. Leo kuni za msonobari zimeteremshwa mbichi kutoka mtoni, na moto unanguruma kwa sauti asiyoijua.

“Wee Mama Heying, hizo tambi unanipa au unaziombea dua?” aliuliza mchukuzi mmoja, bakuli mkononi, akimwita Lamei kwa jina la mwanawe.

“Shika na unyamaze.”

“Hujaweka pilipili.”

“Pilipili mimi mwenyewe. Kula!”

Kutoka ndani ya banda ilisikika sauti ya Cao Daping, msaidizi wa fundi, yule mwenye mabega kama mlango. “Mara mbili leo, Fundi? Ama jicho la tanuri limekukonyeza?”

Watia kuni wakacheka.

“Nasafisha koo,” Yu akajibu, bila haraka. “Bado. Ongeza kuni.”

Magogo yakaanza kurushwa, na wimbo ukapanda:

*Tupa kuni, moto ule,*
*udongo uwe kioo;*
*fundi ateme, tulale,*
*kesho kusiwe kilio.*

Lamei alishusha pumzi. Bado alikuwa hajaimaliza alipohisi mkono mkavu umemshika kiwiko.

Alikuwa Bibi Zha. Mjane huyu ana karakana ya chumba kimoja nyuma ya soko la udongo, na kama wadogo wote wa mji huu, hana tanuri lake. Hukodi nafasi kwenye tanuri la tajiri. Safari hii nyumba arobaini zilikuwa zimekodi nafasi kwa Feng, na mabakuli mia tatu ya Bibi Zha, aliyoyachora samaki mmoja mmoja tangu majira ya baridi, yalikuwa yamepangwa safu ya mbele kabisa. Safu ya mbele ndiyo iliyo karibu na mdomo wa moto. Moto ukizidi, ndiyo ya kwanza kuanguka. Ukipungua, vyombo vya safu ya nyuma hutoka na ngozi ya kijivu kama maji machafu, na hakuna anayevitaka.

“Lamei, mwanangu, mbona mumeo katema mara mbili?”

“Kikohozi, Mama. Jana kala pilipili nyingi.”

Uongo ulitoka mwepesi kama tambi iliyoiva. Ndicho kilichomuumiza Lamei: kwamba ulitoka mwepesi.

Alijaza bakuli la supu, akafuta mikono, akaenda mpaka kwenye kizingiti cha banda. Pale akasimama. Mwanamke havuki kizingiti cha tanuri linapowaka. Imekuwa hivyo tangu babu wa babu, na Lamei hajawahi kugombana na jambo hilo. Ndani kuna joto na harufu ya wanaume mia, kwake yeye kizingiti kilikuwa hisani.

“Baba Heying! Njoo ule kabla hujawa kaukau!”

“Fundi, serikali inakuita!” mtu akapiga kelele.

Yu akaja. Lamei alimwona anavyohesabu hatua kimoyomoyo: kumi na moja, si moja zaidi. Alisimama mbele yake na kutazama juu kidogo ya kichwa chake.

“Supu gani hii, haina chumvi!” alisema kwa sauti, hata kabla hajaionja.

“Chumvi yote umeila wewe, ndiyo maana una maneno makali!” Lamei alijibu kwa sauti vilevile. Kisha akanong'ona, “Ulipotema uliona nini?”

“Uji.”

“Waambie.”

“Niwaambie nini?” Midomo yake haikutikisika sana. “Miaka ishirini na sita, Mama Heying. Nikisema leo, kesho mimi ni mzee wa kuota jua ukutani.”

“Mabakuli ya Bibi Zha yako mbele.”

“Najua yako wapi. Mimi ndiye niliyesema yapangwe hapo.” Akapaza sauti: “Na tambi hazijaiva!”

“Wewe ndiye hujaiva!” Lamei akamsogezea vijiti. “Mpe Daping alama ya mwisho. Awe macho yako. Yeye atazame, wewe useme.”

Yu alikakamaa kama aliyemwagiwa maji ya kisima.

Hapa nisimame kidogo. Alama za mate ziko tatu. Moto ukiwa mchanga, mate huanguka na kufa papo hapo. Ukikua, huruka na kupasuka. Hizo mbili hata wauza maboga wanazijua. Ya tatu, ile ya mwisho, inayosema *funga sasa, si mapema wala si baadaye*, hujulikana na fundi peke yake. Yu alipewa na mwalimu wake aliyekuwa kitandani akikata roho, na alilazimika kuinamisha sikio mpaka mdomoni pake.

“Daping?” alinong'ona Yu. “Siku nitakayompa alama hiyo ndiyo siku atakayonifungulia mlango nitoke.”

“Basi ufunguliwe mlango. Nyumbani tuna kiti.”

“Si kiti hicho.”

Alinyoosha mkono kupokea vijiti. Mkono ukapita hewani, ukarudi, ukavikosa tena. Lamei alivisukuma haraka kwenye vidole vyake.

Haraka hiyo haikutosha. Nyuma ya mumewe, hatua kumi na moja, Cao Daping alikuwa ameegemea koleo lake la chuma, na alikuwa ameacha kutabasamu.

Miaka minane Daping ameshika koleo hilo. Fundi akisema “fungua”, yeye huvuta tofali linaloziba jicho la tanuri. Akisema “ziba”, huziba. Miaka minane mate ya mwenzake yanapita mbele ya pua yake, na kila alipouliza alama ya mwisho alijibiwa, “Bado mdogo.” Sasa ana miaka thelathini na moja na watoto wawili.

Yu alirudisha bakuli, akageuka, akahesabu kumi na moja.

“Fungua,” alisema.

Lamei, kutoka kizingitini, aliona kila kitu.

Daping alivuta tofali. Mwanga mweupe ukachomoka. Kisha, polepole, bila sauti, akachukua beleshi la chuma lililokuwa ukutani na kulisimamisha mbele ya jicho lile, inchi chache tu, joto likipita juu na pembeni. Watia kuni wakamwona. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

“Baba Heying!” Lamei alipiga kelele.

Alichelewa. Yu aliinama, akatema kwa mtindo wake ule, kifupi na safi.

*Tsss!*

Mate yalikaangika kwenye beleshi mbele ya watu wote.

“Yameruka,” alisema Yu, kwa sauti ya fundi. “Bado kid...”

Masikio yake yalikuwa yamemfikia kabla ya ulimi wake kumaliza. Aliunyoosha mkono mbele, taratibu, na ncha za vidole zikagusa chuma.

Kwanza kuna mmoja aliyecheka. Halafu hakuna aliyecheka.

“Haoni,” alisema Daping. Alikuwa amengojea kulisema jambo hilo kwa kishindo, lakini lilitoka kwa sauti ya chini, kama la mtu aliyefungua kabati la mwenziwe. “Jamani, Fundi haoni.”

Bwana Feng, mwenye tanuri, alikuja mbio kutoka ghala la makasha ya udongo ya kupangia vyombo, pepeo mkononi, tumbo likitangulia. Alimtazama Yu. Alilitazama beleshi. Alipunga kiganja mbele ya macho ya mzee, na mzee hakupepesa.

“Tangu lini?”

“Tangu kuchipua.”

“Tangu kuchipua!” Pepeo likaanguka. “Na matanuri mawili yaliyopita?”

“Yalitoka vizuri au hayakutoka vizuri?”

Bwana Feng aliinama kuliokota pepeo lake. Yalikuwa yametoka vizuri sana. Lakini nyuma yake nyumba arobaini zilikuwa na mwaka mzima ndani ya moto ule, na habari hukimbia mji huu kuliko maji; tayari wengine walikuwa wanajazana mlangoni, wamesimama ubavuni mwa Lamei, mikono yao ina udongo mpaka viwikoni.

“Daping,” alisema Bwana Feng. “Kaa kwenye kiti cha moto.”

Yu hakungoja kuambiwa. Alipapasa kasha la udongo lililopinduliwa, akaketi juu yake, mikono magotini. Hakuna aliyeweza kumtazama. Lamei alimtazama, kwa sababu mtu mmoja ilibidi amtazame.

Nje, moshi wa dohani, mweusi tangu jana, ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Kila mtoto wa Jingdezhen anajua maana yake. Kazi ilikuwa imebakiza magogo ya kuhesabika.

“Tema,” alisema Bwana Feng.

Daping alipanua mabega. Alifungua jicho mwenyewe, akainama, akatema kwa nguvu ya miaka minane. Alitazama.

Akaendelea kutazama.

“Yamefanyaje?”

“Yameruka.”

“Yakapasuka?”

“Kidogo.”

“Kidogo ni nini? Ni bado au ni tayari?”

Jasho lilishuka kwenye shingo ya Daping, na halikuwa jasho la moto. Alitema tena. “Safari hii yameyumba. Yamekwenda kando.”

“Kwa hiyo tufunge?”

“Sijui!” Alilitupa koleo chini, likalia kama kengele. “Sijui! Muulize yeye! Miaka minane nimembebea koleo, nimemtwangia tumbaku, nimemsikiliza akikoroma! Alama moja tu! Moja! Hakunipa! Leo mnanitaka nisome barua ambayo sijafundishwa herufi zake!”

“Nikupe ili uniwekee beleshi?” alisema Yu kutoka kwenye kasha lake.

“Ungenipa nisingeweka beleshi!”

“Ungeweka mapema zaidi!”

“Mzee mchoyo!”

“Mtoto wa fitina!”

“Basi!”

Sauti ilitoka mlangoni, na ilikuwa kali kuliko koleo. Lamei alikuwa amesimama vidole vya miguu vikigusa kizingiti, na mwili wote uliobaki umeinamia ndani kama mti uliosukumwa na upepo.

“Mama Heying, mwanamke haingii...” Bwana Feng alianza.

“Miguu yangu iko nje. Mdomo wangu haukukatazwa na mtu.” Akawanyooshea upawa wote wawili. “Wewe Daping una macho, huna elimu. Wewe Baba Heying una elimu, huna macho. Na vyombo vya watu vinaungua katikati yenu! Mnataka kupigana, piganeni, lakini kesho! Nitawauzia watu tambi wakiwatazama!”

Mtu alicheka nyuma yake. Lamei hakucheka. Alikuwa amebakiwa na la kusema, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

“Mama Zha,” alisema bila kugeuka, “hapo mapema nilikudanganya. Haikuwa pilipili.”

“Najua, mwanangu.” Bibi Zha alijipenyeza mpaka mbele. “Mimi nimejua tangu kuchipua. Shuisheng alikuja karakanani kwangu, akakikanyaga kikapu changu, halafu akakiomba radhi. Akakiuliza na hali ya watoto wake.”

Banda zima lililipuka kwa kicheko. Hata Daping. Hata Yu, ambaye aliinua uso, mabega yakamtikisika, akajifuta macho yasiyoona.

“Ulijua,” alisema, “na ukaniletea mabakuli yako?”

“Ningempelekea nani? Nilisema, huyu siku yakimshinda atasema.” Akakohoa. “Yamekushinda, Shuisheng. Sasa sema.”

Kicheko kikaisha. Moto ukasikika tena, ule mngurumo mgeni wa kuni mbichi.

Yu Shuisheng akasimama.

“Watoe watu wengine nje,” Bwana Feng alimshauri kwa sauti ya chini. “Mwambie Daping peke yake, sikioni.”

“Wakae.” Yu alivuta pumzi. “Imefichwa vya kutosha.”

Lamei aliushika mwimo wa mlango. Miaka thelathini amelala karibu na mdomo ule wa mumewe, na alama ile haijawahi kuutoka hata ndotoni.

“Sikilizeni,” alisema Yu, na hakunong'ona. “Mate hayaanguki. Hayaruki. Yanasimama. Yanakuwa kama ushanga mweupe katikati ya moto, yamening'inia bila uzi. Yanazunguka mara moja, moja tu, kisha yanapanda taratibu kuelekea dohani, mazima, hayajapasuka. Ukiyaona yanazunguka mara mbili, umechelewa. Hiyo ndiyo. Hakuna nyingine.”

Ilikuwa fupi kiasi hicho. Watu walitazamana. Mtia kuni mmoja alivua kofia, hajui kwa nini.

“Okota koleo, Daping,” alisema Yu. “Fungua.”

Daping akaokota. Akafungua. Akatema.

“Nini?”

“Yanaruka na kupasuka, Fundi.”

“Magogo matano. Kulia.”

Magogo matano yakaingia. Moshi wa dohani ukawa mwembamba kama shela.

“Tena.”

Daping alitema. “Yanataka kusimama. Yameyumba, yameanguka.”

“Yameyumba upande gani?”

“Kushoto.”

“Magogo matatu. Kushoto. Yarushwe mbali, yasigonge safu ya mbele.”

Bibi Zha alifumba macho. Moshi uliisha. Juu ya dohani ilibaki hewa tupu inayotetemeka.

“Sasa,” alisema Yu. “Fungua. Tema.”

Daping aliinama kwenye jicho. Mgongo wake mpana ulificha kila kitu. Sekunde zikapita, moja, mbili, tatu. Hakuna aliyemeza mate yake.

“Yamesimama?”

“Yamesimama!” Daping alipiga ukelele.

“Yamezunguka?”

“Mara moja!”

“Yamekwenda wapi?”

“Juu, Fundi! Juu!”

“Ziba! Funga mdomo! Funga!”

Wanaume ishirini waliruka. Matofali yakapangwa, matope yakapigwa kwa viganja, kila ufa ukazibwa, na mngurumo ule ukadidimia mpaka ukawa pumzi ya mnyama aliyelala. Halafu kelele za shangwe! Watu walimbeba Daping. Wakambeba na Yu pia, akapiga mateke akidai ashushwe. Bwana Feng alitangaza kwamba mlango utavunjwa keshokutwa asubuhi, na kwamba leo tambi zote za Mama Heying ni zawadi yake kwa watu.

Lamei alichota mpaka bega likamuuma. Bibi Zha alikula mabakuli mawili na kuramba la tatu. Mchukuzi wa asubuhi alirudi kudai pilipili yake, akapewa ya kumtoa machozi.

Ni Daping peke yake aliyekuwa hali.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, bakuli mbele yake, vijiti vimelala. Tambi zilikuwa zimeshanyonya supu yote. Lamei alingoja watu wapungue, akaketi karibu naye.

“Leo umekuwa fundi, na huli? Mkeo atasema nimekuwekea sumu.”

“Mama.” Daping alitazama vidole vyake. “Mtu akisema ameona kitu...”

“Ndiyo?”

“...na hakukiona.”

Lamei alimgeukia. “Kitu gani, Daping?”

“Ile ya tatu. Mdomo ulikauka, Mama. Watu wote wale mgongoni, na Fundi ameshaisema siri yake hadharani, na Bibi Zha amefumba macho vile. Nilivuta mate, hayakuja. Nilitema upepo. Halikutoka hata tone.” Akalisukuma bakuli kando. “Nikangoja niteme tena, yeye akauliza yamesimama. Mimi nikasema yamesimama.”

“Ulisema yamezunguka!”

“Nilisema kila alichokiuliza.”

Upawa ulikuwa mkononi mwa Lamei, na kwa muda mfupi, msomaji, ulikuwa karibu sana kupata kazi nyingine. Lakini aliushusha. Nini kingefaa? Tanuri likishafungwa halirudishiwi moto. Ukilipasha mara ya pili, vyombo vyote hupasuka vipande. Huenda vimeiva, huenda vimebaki vibichi. Nyumba arobaini zilikuwa zinaimba barabarani, na jibu limelala nyuma ya matofali, halijulikani kwa mtu yeyote chini ya jua.

“Nakwenda kumwambia Bwana Feng,” alisema Daping, akisimama. “Nakwenda sasa hivi.”

“Kaa.”

Yu Shuisheng alikuwa nyuma yao. Hawakumsikia akija. Alikuwa ameshika nguzo ya kibanda cha mkewe kwa mkono mmoja, na uso wake, kwa desturi yake, ulitazama juu kidogo ya vichwa vyao.

“Umesikia?” Lamei aliuliza.

“Macho ndiyo yaliyokufa.” Alipapasa benchi, akaketi katikati yao. “Daping, ukimwambia Feng sasa, vyombo vitaiva zaidi?”

“Hapana, Fundi.”

“Vitapungua kuiva?”

“Hapana.”

“Watu watakuvunja mbavu?”

“Nadhani.”

“Basi kaa, ule. Tambi za mke wangu zikilala huwa gundi.”

“Baba Heying, una wazimu!” Lamei alimshika bega. “Vikitoka vibichi? Bibi Zha? Nyumba zote zile? Nani atasimama mbele yao?”

Yu alimgeukia Daping. Alinyoosha mkono mpaka ukakuta mkono wa kijana, ule mkubwa wenye makovu ya koleo, akaushika kwa nguvu, kisha akasema kwa sauti ya chini, isiyovuka benchi:

“Keshokutwa mlango ukivunjwa, mimi nitakuwa mbele. Vikitoka vyema, alama uliiona wewe, na kiti cha moto ni chako. Vikitoka vibaya, nitasimama mbele ya nyumba zote arobaini niseme kwamba alama niliyokupa ilikuwa ya uongo. Nakuahidi, Cao Daping, na mke wangu ni shahidi.”